Uliza Fundi: Maji ya tangi yanatoka kama strungi

Barua za mwezi huu karibu zote ni za kitu kimoja na si ajabu, manake mvua fupi ziko mlangoni na kila mwenye tangi anatazama juu ya paa lake akijua kuna mambo huko hajayaangalia tangu Juni. Kuanzia Juni hadi Septemba Nairobi ni vumbi, majani na mavi ya ndege, hakuna mvua ya maana ya kusafisha, sasa yote hayo yamekaa pale juu yanangoja maji ya kwanza yayashushe. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu juu yanayomsumbua huyu mama ndiyo yanawasumbua wengi.

*

*Kwako Fundi, habari za kazi. Mimi nakaa Kahawa West, nyumba yetu ni ya mabati mteremko mmoja, mita 10 kwa 6. Mwaka jana tulinunua tangi ya lita 5,000 juu ya mgao, maji ya bomba yanakuja siku mbili kwa wiki na siku zingine hayaji kabisa, na wale wa mkokoteni wakijua mna shida mtungi unapanda bei hapo hapo. Shida yangu ni jacaranda ya jirani, matawi yameingia hadi juu ya mabati yetu. Kwa hadwea waliniuzia kichujio cha kuweka mdomoni mwa tangi, mvua kubwa ya kwanza kikaziba, maji yote yakamwagika nje yakachimba shimo kando ya ukuta, mzee akakasirika akakitoa. Sasa maji yanatoka kama strungi na yananuka, nguo nyeupe nimeacha kufua nayo. Nifanye nini majani yasiingie, na kuna kichujio cha bei kubwa nimeona kwa simu, je ninunue? – Mama Mapacha, Kahawa West*

Mama Mapacha, pole sana, na asante kwa kunipa vipimo vya paa manake wengi huniandikia tu "nyumba ya kawaida" halafu nabaki kukisia. Hicho cha bei kubwa usinunue kwanza. Wacha tuone kwa nini kile cha kwanza kilishindwa, kwa sababu ukiruka hapo hata hicho kingine kitashindwa hivo hivo.

Hesabu ya maji ya mvua ni rahisi: milimita 1 ya mvua ikianguka kwa paa la mita moja ya mraba inatoa lita 1. Paa lako ni mita 60 za mraba, kwa hivyo kila milimita moja ni lita 60. Ile mvua yetu ya jioni inayopiga mabati mpaka watu ndani ya nyumba wanaongea kwa ishara, chukulia inanyesha kwa kasi ya milimita 60 kwa saa, hapo gata yako, kile kikingio cha maji ukingoni mwa paa, inatoa lita 60 kila dakika, yaani lita 1 kila sekunde. Mtungi wa lita 20 ungejaa kwa sekunde 20. Sasa maji hayo yote yalitakiwa kupita kwenye kichujio cha ukubwa wa sahani ya chai, tena kimelala, na juu yake maua yamejibandika kama tishu iliyolowa. Ilikuwa lazima yamwagike. Hicho kichujio hakikuwa kibovu, kiliwekwa mahali pabaya na kikapewa kazi ya watu watatu.

Halafu jacaranda ina tabia zake. Kwanza inaangusha majani wakati wa kiangazi, na jani lake si jani moja, ni ujiti mrefu wenye vijani vidogo vidogo sana, vikikauka vinaachana, vile vidogo vinapita kwenye wavu wowote mpana na vile vijiti vinasukana kwenye matundu kama nywele kwenye kitana. Kabla hujamaliza kufagia hayo, Septemba na Oktoba ndo maua yanaanza, zambarau kila mahali, mji unapendeza sana, lakini ua la jacaranda likilala kwenye maji siku tatu linageuka uteute. Mwaka jana nilifungua tangi la nyumba moja yenye mti kama huo, nikakunja shati nikaingiza mkono hadi kwenye kwapa, chini nikakuta tope jeusi linateleza kama mrenda, ndani yake kuna manyoya ya ndege, mbegu za jacaranda zile za kifuko kigumu, na kipande cha karatasi ya nailoni ambacho sijui kilipandaje huko. Harufu ilikuwa ya yai viza. Majani yakioza chini ya tangi hewa ikikosekana, hiyo ndiyo harufu yake, na ile rangi ya strungi ni ya majani yenyewe, inatoka vile vile majani ya chai yanavyotoa rangi kwenye sufuria. Ukitia dawa ya klorini juu ya hayo maji utaona haifanyi kazi, manake dawa inaishia kupigana na uchafu wa majani badala ya vijidudu.

Sasa tuingie kazini. Mimi nina jambo moja nalishikilia kwenye kazi hii na ningependa kila mtu alishike: kila kitu kinachozuia uchafu kikae mahali mkono wako unafika bila kuita mtu. Kichujio ambacho lazima uite fundi na ngazi ndo kioshwe hakitaoshwa, utasema kesho, kesho itafika Desemba, na kichujio kilichojaa uchafu kinageuka birika ya kuchemshia majani, kila tone la mvua linapita katikati ya uozo kabla ya kufika kwa tangi. Heri usiwe nacho.

Anza na jirani. Nenda na heshima zako, mwombe mkate matawi yaliyo juu ya mabati yenu, wengi hukubali ukisema utagharamia panga na vijana wa kubeba. Hata mita mbili tu za nafasi kati ya tawi na paa zinasaidia sana, na pia panya na paka wanakosa daraja. Maua yataendelea kupeperushwa na upepo, hilo huwezi kulizuia, lakini mzigo unapungua. Kisha mwisho wa Septemba paa lifagiwe, na gata zitolewe uchafu kwa mkono, na tena mapema Machi kabla ya mvua ndefu. Anayepanda akanyage kwenye mistari ya misumari, hapo ndipo kuna mbao chini, katikati ya bati akikanyaga litabonyea na hapo pia patakuwa kidimbwi cha kukusanya majani. Na asipande kama waya za stima zinapita karibu na paa, hapo tumia tu fagio la mpini mrefu kutoka kwenye ngazi, upande ule mwingine.

Gata ndo mahali ambapo mafundi wengi wanaharibu, naomba mnisamehe mafundi wenzangu lakini ni kweli. Gata ikiwekwa bila mteremko maji yanatuama, majani yanatuama nayo, mbu wanazaliana hapo, na siku ya mvua kubwa kila kitu kinasukumwa kwa pamoja kama umefungua lango la shule saa kumi. Mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita unatosha, kwa hivyo gata yako ya mita 10 upande wa tangi uwe chini kwa sentimita 10 kuliko upande ule mwingine. Vishikizo visiachane zaidi ya sentimita 90, zikizidi gata inabonyea katikati na hapo ndo pale pale. Na ukubwa: kwa kila mita ya mraba ya paa tafuta angalau sentimita 1 ya mraba ya tumbo la gata, yaani wewe unataka gata ya sentimita 60 za mraba, kama upana wa 10 na kina cha 6 hivi, ikizidi ni vizuri zaidi.

Watu watakwambia funika gata yote na wavu. Kwa mti wenye majani makubwa kama mparachichi nakubali, majani yanakauka juu ya wavu na upepo unayapeleka. Kwa jacaranda, saipresi na ile mivinje yenye majani ya sindano mimi sipendi, manake vijani vinapita na kukaa chini ya wavu, halafu ili kuvitoa lazima ufungue wavu wote wa mita 10, nani atafanya hiyo kazi kila wiki? Acha gata wazi, ufagie, na uzuie majani pale paipu inaposhukia.

Pale ndo tunajenga kisanduku. Kata paipu ya kushukia kabla haijafika kwa tangi, iache imwage maji hewani juu ya wavu ulioinama. Neno ni kuinama. Wavu ukilala unashika majani, ukiinama kwa nyuzi 45 au zaidi majani yanateleza yanaanguka chini na maji yanapenya yanaingia kwenye kisanduku. Kisanduku chenyewe kinaweza kuwa cha bati au hata beseni pana la plastiki, ukubwa wa kama sentimita 30 kwa 40 kwa paa lako, juu yake waya wa matundu ya milimita 5 uliokazwa vizuri kwenye fremu usibonyee, manake ukibonyea katikati majani yatakaa pale kwenye shimo. Maji mengine kidogo yataruka nje siku ya mvua kali, usihuzunike, ni kidogo kuliko yale uliyopoteza yakachimba ukuta. Na sasa mambo ya mkono: tangi la lita 5,000 lina urefu wa kama mita 2, kwa hivyo kisanduku kitakuwa juu ya kichwa chako. Jenga kijingazi cha mawe ya nyumba kando ya tangi, safu mbili au tatu tu zilizoshikwa na simiti, ukisimama hapo unafika bila kubeba kitu. Nimeona nyumba nyingi ambazo hizo safu tatu za mawe ndizo zilifanya mfumo wote uendelee kufanya kazi.

Baada ya wavu bado kuna vumbi, masizi ya jiko na mavi ya ndege, hayo wavu hauyajui. Hapo unaweka paipu ya maji ya kwanza. Kabla maji hayajafika mdomo wa tangi weka tii, kile kiungo cha paipu chenye umbo la herufi T, upande mmoja uende kwa tangi, upande mwingine ushuke wima mpaka karibu na chini, mwisho wake ufungwe na kifuniko cha kuzungusha. Maji ya kwanza, yale yaliyoosha paa, yanashuka yanajaza hiyo paipu, ikijaa ndo masafi yanaendelea kwa tangi. Paipu ya inchi 6 inabeba karibu lita 17 na nusu kwa kila mita, kwa hivyo mita 2 ni lita 35, na hiyo ni zaidi kidogo ya nusu milimita ya mvua kwenye paa lako. Kwa siku ambazo mvua inanyesha leo na kesho inatosha. Toboa kitundu cha milimita 2 kwenye kile kifuniko cha chini, maji yatakuwa yanadondoka polepole na baada ya saa mbili hivi paipu iko tupu inangoja mvua nyingine. Kumbuka mpangilio, wavu uwe mbele ya paipu hii, ukigeuza majani yataziba kitundu na umerudi ulikotoka.

Lakini mvua ya kwanza kabisa ya msimu, baada ya miezi minne ya vumbi, nusu milimita haitoshi, paa chafu linaweza kutaka hata milimita 2, na kwako hiyo ni lita 120. Hiyo mvua ya kwanza iachie paa. Ondoa elbo, kile kiungo cha kona, geuza paipu imwage kwa maua au kwa pipa la kuoshea vyoo na uwanja, kesho yake rudisha. Najua inauma kuona maji yakienda na wewe umekaa na kiu ya miezi, lakini ile moja ndiyo inayoharibu lita 5,000 zote.

Na mdomoni mwa tangi weka wavu wa mbu, ule mdogo wa madirisha, umefungwa kwenye beseni lililotobolewa chini na linaloenea kwenye mdomo wote, siyo kale kasahani. Hapo hautaziba haraka juu majani yameshabaki nje. Wavu kama huo pia uwekwe kwenye paipu ya kumwagia maji yakizidi, watu huisahau hiyo, mbu hawaisahau.

Hilo tangi lako la sasa lisafishwe kabla ya hayo yote, ukiweka maji masafi juu ya ule mrenda unajisumbua bure. Toa maji, yamwagilie miti, sugua kuta na chini kwa brashi ya mpini mrefu ukiwa nje. Kama lazima mtu aingie basi asiwe peke yake, mtu mzima mwingine asimame pale mdomoni muda wote akimwongelesha, mfuniko uwe wazi tangu asubuhi, na mtoto asiingizwe kamwe hata kama ndiye anayeenea, hewa ya ndani ya tangi lenye uozo inaweza kumwangusha mtu kabla hajaita. Mfereji wa kuchotea maji ukae kama sentimita 10 hadi 15 kutoka chini ili tope linalobaki lisitoke na maji ya kupikia.

Kitu kimoja zaidi mama, maji yakishakuwa meupe watoto wataanza kuyanywa. Kuchuja majani hakuondoi vijidudu vya mavi ya ndege na mijusi, kwa hivyo ya kunywa yachemshwe mpaka yatoe mapovu makubwa dakika nzima, na wasomaji wa Limuru huko juu zaidi ya mita 2,000 fanyeni dakika 3, kwenu maji yanachemka kwa joto la chini kidogo.

*

*Fundi, nyumba yangu iko Dagoretti, ni ya vigae na vina ule ukijani unaoota. Kijana mmoja aliniwekea paipu ya maji ya kwanza yenye mpira ndani, akasema mpira unapanda unaziba maji machafu yasirudi. Msimu wa kwanza maji yalikuwa safi kabisa. Sasa ni msimu wa tatu, machafu kuliko hata kabla sijaweka. Mpira umeharibika? – Mzee wa Kanisa, Dagoretti*

Shikamoo mzee wangu. Mpira naamini ni mzima. Fanya hivi kesho asubuhi kabla hata ya chai: weka ndoo chini ya ile paipu, zungusha kile kifuniko cha chini polepole, na usisimame mbele yake. Kama maji yatatoka kwa nguvu na hakujanyesha wiki mbili, basi hapo ndo pana shida. Ile paipu imejaa tangu mvua za Aprili, haijawahi kumwaga, kitundu kimezibwa na ule ukijani wa vigae na vumbi la vigae vyenyewe. Paipu ikiwa imejaa mpira uko juu umeziba tayari, kwa hivyo mvua inayofuata, na uchafu wake wote, inapita moja kwa moja juu ya mpira kwenda kwa tangi. Mfumo unaonekana uko sawa kwa macho na haufanyi chochote, na hii ndiyo njia ambayo hizi paipu nyingi zinakufa.

Nilikuwa na yangu hivo hivo. Aprili 2024, ile mvua iliyofurisha mji, nilikuwa natoka kila asubuhi naona tangi limejaa nashukuru Mungu, wiki ya pili mke wangu akaniletea glasi ya maji akaiweka mezani bila kusema kitu, chini ya glasi kuna mchanga mweusi. Nikaenda nikafungua kifuniko, kilichotoka mwanzo hakikuwa maji, kilikuwa kipande cha tope chenye umbo la paipu yenyewe kama soseji, halafu ndo maji yakafuata. Tangu hapo Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi nafungua, na wakati wa mvua kila wiki. Ni kazi ya dakika 3.

Kwako kitundu cha milimita 2 kifanye 3, vigae vinatoa uchafu mwingi kuliko mabati, na ndani juu ya kitundu weka kipande cha wavu kilichokunjwa kama kofia ili tope lisikae juu yake. Ukifungua pia toa mpira uuoshe, angalia kile kikombe ambacho mpira unakikalia kama kina mchanga, mchanga kidogo tu unaacha mwanya. Ukijani wenyewe usugue kwa brashi ngumu na maji wakati wa kiangazi huku paipu ya tangi ikiwa imetolewa. Dawa za kuua ukungu wa paa usitumie kwenye paa unalokunywea maji, na vivyo hivyo mtu akipaka paa rangi mpya asikusanye maji ya mvua za mwanzo baada ya hapo.

*

*Habari Fundi. Huku Njiru tuko karibu na machimbo ya mawe na barabara ni ya vumbi. Hatuna miti hata mmoja. Nimeweka wavu wa kila aina na bado maji yana vumbi laini kama unga. Nizidi kutafuta wavu mdogo zaidi? – Baba Wawili, Njiru*

Hapana ndugu yangu, wacha kununua nyavu. Vumbi la kwari ni laini kuliko tundu lolote utakalopata kwa hadwea, na ukilipata la kulizuia litaziba kwa dakika tano. Vumbi linazuiwa na maji ya kwanza na kwa kutulia. Wewe ongeza paipu ya maji ya kwanza mpaka ibebe milimita 2 za paa lako, pima mita za mraba uzidishe kwa 2 upate lita, na kama ni nyingi kuliko paipu tumia pipa la lita 100 au 200 lililounganishwa hapo chini badala ya paipu.

Halafu maji yanapoingia kwa tangi yasianguke kama maporomoko, yanachafua tope la chini. Paipu ya kuingilia ishuke ndani hadi karibu na chini, mwishoni weka elbo mbili ili mdomo utazame juu, hapo maji yanaingia polepole bila kuchimba. Kuchota fanya juu: chukua hosi laini, upande mmoja ufunge kwenye mfereji kwa ndani, ule mwingine ufunge kwenye dumu dogo tupu lililofungwa vizuri, mdomo wa hosi uning'inie kama shibiri moja chini ya dumu. Dumu linaelea, maji yakipanda linapanda, yakishuka linashuka, wewe unachota sehemu iliyotulia kila siku. Mvua ikinyesha usiku, mpaka jioni ya kesho usiyaguse ya kupikia. Na kama mabati yenu yapo upande wa upepo wa machimbo na pia paa la pili liko nyuma ya nyumba, anza kukusanya na lile la nyuma.

*

*Fundi mimi ni mpangaji tu hapa Kawangware, chumba kimoja cha mabati. Nina pipa la lita 200 naliweka pale maji yanadondokea. Landilodi hawezi kuweka gata. Haya mambo ya tii na elbo si yetu, lakini maji nayahitaji, mtungi ni pesa. Kuna njia? – Mpangaji, Kawangware*

Ipo, na usiseme si yenu. Hiyo barua yako ndiyo niliyoisoma mara mbili.

Omba landilodi ruhusa ya kufunga gata ya muda ya mita 2 au 3, hiyo inatoka kwa paipu ya inchi 4 iliyopasuliwa katikati kwa msumeno, nusu mbili zinakupa mara mbili ya urefu, unaifunga na waya kwenye mbao za paa, ukihama unahama nayo. Mwisho wake usiuelekeze kwa pipa. Uelekeze kwa ndoo kwanza. Mvua ikianza wacha ndoo ya lita 20 ijae, hiyo ndiyo paipu yako ya maji ya kwanza, ya kudekia na choo. Chumba cha mita 3 kwa 3 ni mita 9 za mraba, kwa hivyo hiyo ndoo moja ni zaidi ya milimita 2 za paa lako, umeosha paa kuliko hata yule wa Kahawa West. Ndoo ikijaa sukuma pipa mahali pake.

Mdomoni mwa pipa funga leso kuukuu iliyokunjwa mara nne, safi, iliyofuliwa, ifunge na mpira wa tyubu ya baiskeli na uibonyeze katikati ili maji yakusanyike badala ya kutiririka pembeni. Kitambaa cha pamba kikikunjwa hivo kinashika majani, masizi ya majiko ya jirani na vumbi jingi. Mvua ikiisha toa leso hapo hapo, igeuze, suuza, anika juani. Usiiache juu ya pipa usiku kucha imelowa na uchafu. Badala yake funika pipa na mfuniko unaobana, mbu hawataki nafasi kubwa, na mtoto anayetambaa anaweza kuingia kichwa kwanza kwenye pipa la wazi, tafadhali sana hapo usicheze.

Pipa lenyewe nunua lililobeba mafuta ya kupikia au juisi, muulize anayeuza na unuse ndani. La kemikali au rangi liache hata likiwa nusu bei, harufu hiyo haioshwi ikaisha. Usiku mmoja wa mvua ya milimita 20 paa lako la mita 9 linaweza kukupa kama lita 150 ukishaondoa ile ndoo ya kwanza na yanayorukia pembeni, hiyo ni mitungi saba na zaidi. Ya kunywa chemsha, au kama makaa ni ghali tumia dawa ya maji ya dukani kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, lakini kwanza yaache yatulie na uyamimine taratibu kwenye chombo kingine ukiacha yale ya chini.

Nusu ya pili ya ile paipu uliyopasua mpe jirani wa chumba kinachofuata, muunganishe zote mbili, pipa moja litajaa kwa nusu ya muda na mtagawana zamu ya kushika ndoo.